Ubongo Uliopimwa: Kutoka Maabara ya Nairobi hadi Wodi za Mpanda

Kila ninapofundisha historia ya tiba katika enzi ya ukoloni, swali moja hujitokeza darasani: je, mashine yaweza kuutazama ubongo wa mtu na kutamka kwamba huyu ana skizofrenia, yule ana sonona, na wa tatu ana kifafa? Ni swali la haki. Kwa familia ya Mpanda, Mlele au Karema, jibu lake laweza kuamua kama mgonjwa atapelekwa hospitali, atapelekwa kwa mganga, au atafungwa kamba uani. Lakini hatuwezi kulijibu vema pasipo kuuliza jingine kwanza: ubongo wa Mwafrika umewahi kupimwa na nani, na kwa shabaha gani?

Turudi Nairobi, miaka ya 1930. Dakta H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alishikilia kwamba Mwafrika amezaliwa na akili pungufu. Mtaalamu wa patholojia, F. W. Vint, alikusanya bongo za maiti, akazipima uzito, akazikata vipande na kupima unene wa gamba la ubongo kwa hadubini. Mwaka 1934 alichapisha matokeo yake katika jarida la anatomia la Uingereza: ubongo wa mwenyeji wa Kenya, alidai, ni mwepesi na gamba lake ni jembamba kuliko la Mzungu. Wapo walowezi waliozipokea habari hizo kwa furaha. Ikiwa ubongo wenyewe hauwezi, kwa nini serikali ipoteze fedha kwa kujenga shule?

Hadubini haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ulinganisho. Maiti wa hospitali ni mtu aliyekwisha kudhoofishwa na maradhi, na katika zama zile mara nyingi na lishe duni pia. Kumlinganisha na vipimo vilivyochukuliwa kwingine, kwa watu wa hali nyingine, kisha kuita tofauti hiyo maumbile ya kabila zima, ni kuanza na hukumu na kumalizia na ushahidi.

Miaka hiyo hiyo, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika Karema ambayo leo imo mkoani Katavi, Mwafrika mmoja alikuwa akitibu watu. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kuhudumia wagonjwa kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Vint alipokuwa akipima gamba la ubongo ili kujua kama Mwafrika aweza kuelimika, Atiman alikuwa amekwisha kuganga vizazi viwili. Jibu la swali la Nairobi lilikuwa likitembea Karema, na hakuna aliyekwenda kulitazama.

Fikra ile haikufa upesi. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka uliofuata Serikali ya Kenya ilichapisha taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Madai ya ardhi na uhuru yakageuzwa kuwa dalili za ugonjwa. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, aliyajibu madai hayo katika kitabu chake cha mwaka 1961 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Zama zikageuka, na kisu kikapisha mionzi na sumaku. Mwaka 1971, jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake walionyesha kwa mashine hiyo kwamba, katika kundi la watu walioishi na skizofrenia kwa miaka mingi, vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo vilikuwa vipana kuliko vya watu wenye afya. Lilikuwa jambo kubwa: ugonjwa uliokuwa ukilaumiwa malezi ya mama ulikuwa na alama mwilini. Baadaye ikaja MRI, kisha MRI inayofuatilia mtiririko wa damu ubongo unapofanya kazi, na matumaini yakapanda.

Hata hivyo, wastani wa kundi haumtambulishi mtu mmoja. Wapo wagonjwa wengi ambao picha zao hazina tofauti na za jirani zao wazima, na alama zinazoonekana katika skizofrenia hujitokeza pia kwa baadhi ya wenye sonona au maradhi mengine. Mwaka 2020 timu 70 za watafiti zilipewa picha zile zile za ubongo ili kuzichambua, na majibu yao yakatofautiana katika mambo ya msingi. Mwaka 2022 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba ili kuunganisha picha za ubongo na tabia au dalili kwa uhakika, wanahitajika maelfu ya watu, ilhali tafiti nyingi zilikuwa na makumi tu. Tena picha nyingi zinazotumika kuzifunza kompyuta zinatoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Kipimo kilichotengenezwa huko, kikiletwa Katavi bila kuhakikiwa, kitarudia ulinganisho wa mwaka 1934 kwa lugha ya adabu zaidi.

Je, basi mashine haina kazi kwetu? Inayo, na kazi hiyo imekwisha kuonekana nchini mwetu. Huko Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuhudumia wenye kifafa tangu miaka ya 1960, watafiti wa baadaye walitumia MRI kuchunguza watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, wakaona kwa baadhi yao makovu ya ubongo. Huko Haydom, picha za CT zilionyesha kwamba baadhi ya wenye kifafa walikuwa na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe kichwani. Kifafa si ugonjwa wa akili, lakini mitaani vyote viwili huitwa kurogwa. Na tegu akiingia ubongoni aweza kuleta hata uchizi. Hapo picha husema wazi: hiki ni kidudu, hiki ni uvimbe, hii ni damu iliyovia baada ya ajali ya bodaboda. Na kila kidudu kinachoonekana kwenye picha humwondolea lawama bibi kizee mwenye macho mekundu.

Kinachobaki baada ya hapo, picha haikisemi. Katika makazi ya Katumba na Mishamo wanaishi watu, na wajukuu wa watu, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakaishi ukimbizini miaka mingi kabla ya wengi wao kupewa uraia wa Tanzania. Hofu inayomwamsha mzee wa Mishamo usiku ina tarehe na ina majina ya waliouawa. Sumaku haiwezi kuyasoma hayo; huyapata muuguzi aliyefundishwa kusikiliza, anayejua Kirundi au mwenye mkalimani.

Kwa hiyo nawageukia watumishi wa umma, hasa wanaoandaa bajeti za afya. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kusafirisha madini ya risasi. Haikujengwa kwa ajili ya mgonjwa. Tusiifanye teknolojia ya leo iwe kama reli ile, kitu kinachopita mkoani bila kuwafikia wenye mkoa. Mashine za CT zinazosambazwa katika hospitali za rufaa za mikoa ni hatua njema, mradi ziwe na msomaji wa picha na fundi wa kuzitengeneza. Lakini dawa za kila mwezi katika zahanati, muuguzi wa afya ya akili katika kila wilaya, vyoo, ukaguzi wa nyama ya nguruwe, na bima inayolipia matibabu ya muda mrefu, hivyo ndivyo vitakavyowafungua watu kamba.

Nanyi wanafunzi, mtakapoonyeshwa picha ya ubongo yenye rangi za kuvutia, ulizeni: ni wa nani, umelinganishwa na wa nani, na anayetaka kujua anataka kufanya nini na jibu? Maswali hayo matatu hayakuulizwa Nairobi mwaka 1934. Atiman, ambaye hakuwa na mashine yoyote ya namna hiyo, alianza na la tatu.