Vyama vya mawakili vya kimataifa na haki ya mfanyabiashara mpakani

Dereva aliyezuiwa Rusumo bila kuelezwa sababu, au mfanyabiashara anayetozwa Malaba kodi ambayo bidhaa za wenyeji hazitozwi, kwa kawaida humtafuta wakala wa forodha kabla ya kumfikiria wakili. Mara nyingi wakala anatosha, kwa kuwa tatizo huwa ni fomu iliyojazwa vibaya au hati iliyosahaulika. Lakini pale kosa linapokuwa la sheria yenyewe, au la ofisa wa serikali aliyekiuka sheria, mlango unaobaki ni mahakama. Kwa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki (EACJ) iliyopo Arusha, mlango huo hukaa wazi kwa miezi miwili tu.

Waliopinga muda huo kuwekwa walikuwa mawakili wa nchi za Afrika Mashariki wakiwa wameungana katika chama kimoja. Makala haya yanaeleza vyama vya namna hiyo ni vipi, vinafanya nini katika kutetea haki, kwa nini vinajali pia afya ya mawakili wenyewe, na mfanyabiashara anafaidika wapi.

Vyama vyenyewe

Kila nchi ina chama chake cha mawakili. Kenya kuna LSK, Tanzania Bara kuna Chama cha Wanasheria Tanganyika (TLS), Zanzibar kuna ZLS na Uganda kuna ULS. Rwanda, Burundi na Sudan Kusini nazo zina vyama vyao. Juu ya hivyo vipo vyama vinavyovuka mipaka.

Chama cha Wanasheria Afrika Mashariki (EALS), chenye makao Arusha, kilianzishwa mwaka 1995. Kwa hiyo kilikuwepo kabla ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao ulitiwa saini Novemba 30, 1999. Umoja wa Wanasheria wa Afrika (PALU), nao wa Arusha, ulianza mwaka 2002.

Kwa dunia nzima kipo Chama cha Kimataifa cha Mawakili (IBA). Kiliundwa New York mwaka 1947 na makao yake yako London. Kina mawakili zaidi ya 80,000 na vyama vya mawakili takriban 190. Taasisi yake ya haki za binadamu iliundwa mwaka 1995, Nelson Mandela akiwa rais wake wa heshima. Taasisi hiyo hufundisha mawakili na majaji, hutuma wachunguzi katika nchi zenye matatizo na hufuatilia kesi mahakamani. Ipo pia Tume ya Kimataifa ya Wanasheria (ICJ), iliyoanzishwa Berlin mwaka 1952 na yenye makao Geneva. Tawi lake la Kenya lipo tangu mwaka 1959.

Kesi ya muda wa miezi miwili

Mwishoni mwa mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa ya wabunge wake katika Bunge la Afrika Mashariki. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walikwenda EACJ wakidai wabunge hao hawakuchaguliwa kama Mkataba unavyotaka. Novemba 27, 2006 mahakama ilitoa amri ya kuzuia wabunge hao wasiapishwe.

Siku 17 baadaye, Desemba 14, 2006, wakuu wa nchi walitia saini mabadiliko ya Mkataba. Mahakama iligawanywa kuwa na kitengo cha mwanzo na kitengo cha rufaa, sababu za kumwondoa au kumsimamisha jaji ziliongezwa, na mlalamikaji akawekewa muda wa miezi miwili wa kufungua shauri.

EALS, pamoja na LSK, TLS, ULS na ZLS, walifungua shauri namba 3 la mwaka 2007 kupinga mabadiliko hayo. Mwaka 2008 mahakama ilikubaliana nao kwamba kubadili Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikwenda kinyume cha misingi ya Mkataba wenyewe. Hata hivyo, haikuyafuta mabadiliko yaliyokwisha kupitishwa. Uamuzi ule ukabaki kuwa onyo kwa mabadiliko ya siku za mbele, na miezi miwili ikaendelea kuwa sheria hadi leo.

Shauri hilo linaonyesha nguvu ya vyama hivi na pia kikomo chake. Ni vigumu kwa mfanyabiashara mmoja kuzishitaki serikali kadhaa kwa pamoja. Vyama vitano vilifanya hivyo na vikasikilizwa, ingawa havikupata vyote vilivyoombwa.

Haki ya kuvuka mpaka

Aprili 13, 2011 ujumbe wa ICJ tawi la Kenya ulisafiri kwenda Uganda kuonana na Jaji Mkuu wa nchi hiyo. Walipofika Entebbe, wakili Samuel Mohochi alikataliwa kuingia bila kupewa sababu, akarudishwa Nairobi siku hiyo hiyo. Wenzake waliruhusiwa kuendelea na safari.

Mohochi alifungua shauri EACJ mwaka huo huo. Mei 17, 2013 mahakama iliamua kuwa Uganda ilikiuka Mkataba na Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo ilianza kutumika Julai 1, 2010. Hoja kwamba nchi ina mamlaka kamili juu ya mipaka yake haikuiokoa. Nchi mwanachama bado inaweza kumzuia mtu, lakini kwa sababu zinazotambuliwa na Itifaki na kwa utaratibu wa haki, ikiwa ni pamoja na kumweleza kwa nini amezuiwa.

Aliyezuiwa siku ile alikuwa wakili, lakini haki iliyothibitishwa si ya mawakili peke yao. Ni ya kila raia wa nchi mwanachama anayevuka mpaka kihalali, wakiwemo dereva, utingo wake na mwenye mzigo.

Kwa upande wa bidhaa, Machi 26, 2019 mahakama hiyo iliamua shauri la kampuni ya British American Tobacco Uganda. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ilitoza sigara zinazotoka nchi nyingine za Jumuiya ushuru mkubwa kuliko zile zinazotengenezwa nchini. Mahakama ilisema ubaguzi huo unakiuka Mkataba.

Kampuni kubwa ina mawakili wake wa kudumu. Mwenye lori moja au mama anayeuza nafaka Busia hana. Hapo ndipo vyama vya mawakili vinapokuwa na umuhimu, kwa kuwa vinaweza kuchukua jambo linalowaumiza wengi na kulipeleka mbele kwa jina la chama.

Ulinzi wa wakili ni ulinzi wa mteja

Mwaka 1990 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana ulipitisha misingi kuhusu kazi ya mawakili. Mmoja wa misingi hiyo unasema wakili asihesabiwe kuwa ni mmoja na mteja wake au kesi ya mteja wake. Vyama vya kimataifa hutumia misingi hiyo kila wakili anapokamatwa au kutishwa kwa sababu ya kazi yake.

Afrika Mashariki ina mfano mchungu. Juni 2016 wakili Willie Kimani wa Kenya alitekwa akitoka mahakamani Mavoko. Alikuwa na mteja wake, mwendesha bodaboda aliyemlalamikia polisi kwa kumpiga risasi, pamoja na dereva wa teksi aliyewabeba. Wote watatu waliuawa. LSK iliitisha maandamano na mawakili wakasusia mahakama, huku mashirika ya ndani na nje yakidai uchunguzi. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari polisi watatu na raia mmoja, na adhabu zikatolewa Februari 2023.

Katika tukio hilo wawili kati ya waliouawa walikuwa watu wa kazi ya usafirishaji. Mwendesha bodaboda alikuwa amethubutu kulalamika kwa sababu alikuwa na wakili. Pale wakili anapoweza kuuawa na jambo likaisha kimya, hakuna dereva atakayethubutu kumlalamikia askari wa barabarani.

Afya ya wakili na tarehe ya mwisho

Jambo jipya zaidi katika kazi ya vyama hivi ni ustawi wa mawakili wenyewe. Oktoba 2021 IBA ilitoa ripoti ya utafiti wa dunia nzima kuhusu afya ya akili katika kazi ya sheria, uliowahusisha watu zaidi ya 3,000 na taasisi 186. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), wastani wa mawakili waliojibu ulikuwa 51 kati ya 100, chini kidogo ya 52, kiwango ambacho mtu akiwa chini yake anashauriwa kupimwa zaidi. Asilimia 41 walisema hawawezi kumweleza mwajiri matatizo yao bila kuhofia kuharibu kazi yao. IBA imetoa misingi ya kufuatwa na ofisi za sheria, ikisisitiza kwamba jambo hili si udhaifu wa mtu mmoja bali linatokana na namna kazi inavyoendeshwa.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza hilo linamhusu nini. Jibu lipo katika uamuzi wa kitengo cha rufaa cha EACJ wa Machi 2012. Shirika moja la kutetea haki la Kenya lilikuwa limefungua shauri kuhusu mateso na mauaji ya wakazi wa Mlima Elgon. Kitengo cha mwanzo kilikubali kulisikiliza, lakini kitengo cha rufaa kikalitupa kwa kuwa lilifunguliwa nje ya miezi miwili, kikasema mahakama haina uwezo wa kuongeza muda huo.

Kama malalamiko mazito kiasi hicho yalianguka kwa sababu ya tarehe, shauri la mzigo uliozuiwa litaanguka kwa urahisi zaidi. Wakili aliyechoka na kulemewa na mafaili ndiye anayesahau tarehe, na anayebaki na hasara ni mteja. Kwa hiyo ustawi wa wakili ni sehemu ya ubora wa huduma anayolipia mfanyabiashara.

Visichoweza kufanya

Vyama hivi si mahakama wala si serikali. Haviwezi kulazimisha nchi kutekeleza hukumu, na utekelezaji wa uamuzi wa EACJ hutegemea nchi husika. Haviwezi pia kuzuia serikali kufunga milango mingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ya Arusha, hupokea mashauri ya watu binafsi pale tu nchi inapokuwa imetoa tamko la kukubali. Rwanda ilijiondoa katika tamko hilo mwaka 2016, na Tanzania Novemba 2019.

Aidha, vyama hivi havidai madeni ya kibiashara kwa niaba ya mtu. Mteja aliyekula fedha za mzigo ni suala la wakili binafsi na mahakama za kawaida.

Mambo ya kuzingatia

Mfanyabiashara au msafirishaji anayepata tatizo mpakani anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Andika tarehe. Miezi miwili huhesabiwa tangu sheria, agizo au kitendo kinacholalamikiwa kilipotokea, au tangu siku mlalamikaji alipojua. Vikao na maofisa havisimamishi muda huo.

2. Omba sababu kwa maandishi. Ofisa akikataa, andika mahali, saa, kituo na maneno yaliyosemwa, na tunza risiti zote.

3. Hakiki wakili. Katika Kenya, Uganda na Tanzania wakili huhitaji cheti cha kufanyia kazi cha mwaka husika. Chama cha nchi husika kinaweza kuthibitisha jina lake, na hiyo ni kinga dhidi ya vishoka wanaozunguka mipakani.

4. Usijifunge na nchi moja. Kwa mujibu wa ibara ya 37 ya Mkataba, wakili anayeruhusiwa kusimama katika mahakama za juu za nchi yoyote mwanachama anaweza kumwakilisha mtu EACJ. Mrundi anaweza kuwakilishwa na wakili wa Kampala au Mwanza.

5. Pitia chama chenu. Tatizo likiwakumba wengi, chama cha wasafirishaji au cha wafanyabiashara kikiwasilisha malalamiko ya pamoja kwa EALS au chama cha mawakili cha nchi, jambo hilo huwa na uzito kuliko barua ya mtu mmoja.

EACJ ina ofisi ndogo za masijala katika miji ikiwemo Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Kigali na Bujumbura, kwa hiyo si lazima kufunga safari ya Arusha ili kufungua shauri. Kinachotakiwa ni kumwona wakili mapema, siku zikiwa bado zipo.