Babu Hakushika Beleshi

Kosa ni langu. Katika sura ya tatu ya riwaya ninayoiandika hapa Shinyanga, shujaa wangu anatia makaa ya mawe kwa beleshi kwenye injini ya treni ya Mwanza, mwaka 1964, jasho likimtiririka. Sura ile nilikuwa naionea fahari kweli. Nikamsomea Babu, ambaye enzi hizo alikuwa mtia moto wa reli kati ya Tabora na Mwanza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Makaa gani, mjukuu wangu? Sisi tulichoma mafuta mazito. Beleshi la nini?"

Nikaona haya. Makaa niliyatoa kwenye sinema za Wazungu.

Mafuta mazito ni masazo. Mafuta ghafi yakichemshwa kiwandani, petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda kama mvuke na kukingwa. Kinachobaki chini ndicho hicho, cheusi, kizito kama asali ya Tabora asubuhi ya baridi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Reli ya Afrika Mashariki ilizihamishia injini zake nyingi kwenye masazo hayo. Hata zile zilizoundwa Glasgow mwaka 1955, zikapewa majina ya makabila yetu, ziliyachoma. Moja, Nyaturu, ipo mpaka leo katika makumbusho ya reli Nairobi.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mafuta hayatiririki mpaka yapashwe moto, kwa hiyo mvuke wa injini ulipitishwa kwenye tangi lake. Mvuke mwingine uliyapuliza tanurini yakiwa manyunyu. Babu alikaa mkono kwenye vali, macho kwenye bomba la moshi: moshi mweusi maana yake unamwaga mali ya serikali, moshi mweupe moto unakufa. Masizi yakiganda ndani, alimwaga mchanga kupitia tundu la mlango wa tanuri. Upepo wa moto ukauvuta ukasugua mabomba, na moshi mweusi ti ukatoka. "Wenye nguo kwenye kamba walitutukana kila stesheni," anasema.

Dizeli zikaja, injini zile zikastaafu. Mimi nilidhani na mafuta yake pia. Wapi! Ukame wa 1994 ulileta mgawo mkali wa umeme, mwaka 1995 ukasainiwa mkataba wa IPTL, na mwaka 2002 mitambo 10 ya Tegeta, megawati 100, ikaanza kuunguza mafuta mazito. Mwaka 2013 yakafika Nyakato, Mwanza, megawati 60, mwisho wa reli ile ile ya Babu. Waya wa kwenda Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu uliofunguliwa 2001, unaanzia hapa Shinyanga. Kwa hiyo masazo yamesaidia hata kuchimba dhahabu. Dhahabu inasifiwa. Masazo nani anayataja? Wanayataja wenye meli tu, maana tangu 1 Januari 2020 sheria ya bahari imeshusha kiwango cha salfa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5.

Nimeiandika upya sura ya tatu. Beleshi nimelitupa, vali nimeiweka, hata nguo kwenye kamba zipo. Juzi nikamsomea tena. Alisikiliza kafumba macho, halafu akauliza:

"Na mchanga alichota kwa nini? Kwa mkono? Andika kopo."

Nimeandika kopo.