VPN imeunganika, mbona faili za ofisini hazifunguki?

Wadau, hili linasumbua wengi. Uko nyumbani, VPN inaonyesha imeunganika, lakini kompyuta ya ofisini haionekani ng'o! Usikimbilie kuzima ulinzi wa kompyuta yako, utawafungulia mlango wezi bure. Angalia kwanza anwani za IP. Kwenye Windows fungua cmd, andika ipconfig kabla hujawasha VPN. Kama nyumbani ni 192.168.1.x na ofisini nako ni 192.168.1.x, tatizo ndo hilo: kompyuta yako inadhani mashine ya ofisini ipo humo humo nyumbani, haiitafuti kupitia VPN. Dawa: ingia kwenye ruta ya nyumbani, ibadilishe iwe 192.168.57.1, iwashe upya, kisha unganisha tena. Ruta si yako? Muombe mwenyewe kwanza.