Leja ya vitabu shuleni: Kutoka sanduku la vitabu hadi chenji ya rada

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, uliwaletea walimu wa shule za msingi kazi ambayo haikupigiwa debe: kuhesabu vitabu upya. Kwa shule za Miteja, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi wilayani Kilwa, kama ilivyo kwa wenzao nchi nzima, vya zamani na vipya vinapaswa kutenganishwa, na kila nakala ijulikane iko wapi na kama bado inafaa.

Kazi yenyewe ni ya walimu wawili. Mmoja anafungua kitabu penye mhuri wa shule na kutaja namba, mwenzake anaweka alama ya vema kwenye leja. Safu za leja ni zile zile: tarehe ya kupokelewa, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, idadi, kilikotoka, maelezo. Kwenye maelezo ndipo unapokuta "kimechakaa", "kimeliwa na mchwa" au "hakijarejeshwa". Lakini ukitaka historia ya nchi, soma safu ya "kilikotoka".

Kabla ya Uhuru, vitabu vya kusoma nje ya darasa vilitegemea zaidi misheni na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948. Mwaka 1963 ikapitishwa sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na Desemba 9, 1967 Mwalimu Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Wakutubi E. E. Kaungamno na C. S. Ilomo waliandika habari za miaka hiyo katika "Books Build Nations", kitabu cha mwaka 1979 kinachosimulia maktaba kama nyenzo ya kujenga taifa. Kampeni ya kufuta ujinga ilipopamba moto, maktaba za vijiji zikafunguliwa, nyingine shuleni na nyingine kwenye ofisi za chama. Kitabu kikawa mali ya umma, na mali ya umma hulindwa kwa kufuli.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, vitabu vikaadimika. Mwaka 1991 ukaja Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa Wakanada. Kwa kila hadithi ya Kiswahili, mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzisambaza shuleni, naye akauza zilizobaki. Waandishi wa hapa nyumbani wakapata soko, na watoto wakapata kitabu kisichokuwa cha mtihani.

Hata hivyo, hakuna vitabu vilivyofika shuleni kwa njia ndefu kama vile vya chenji ya rada.

Serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Mwaka 2001, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, alipinga waziwazi, akisema nchi maskini inauziwa kitu ghali isichokihitaji. Waziri Mkuu Tony Blair akaidhinisha. Uchunguzi uliofuata uligundua malipo ya zaidi ya dola milioni 12 kwa kampuni za wakala.

Desemba 2010 mahakama moja ya London iliitoza BAE faini ya pauni 500,000. Na kosa ambalo kampuni hiyo ilikiri halikuwa rushwa. Lilikuwa kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Kwa maneno mengine, leja yake haikusomeka. Mwalimu wa kijijini akionekana na leja ya namna hiyo huandikiwa barua siku hiyo hiyo.

Kampuni ilikuwa imeahidi kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5, kama Sh bilioni 72 kwa wakati huo, fedha zilizokuja kuitwa chenji ya rada. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. BAE ilitaka fedha zipitie kwa jopo la washauri ililoliteua yenyewe. Serikali ikasema haki ya Watanzania haigawiwi na aliyewakosea. Mwaka 2011 ujumbe wa wabunge ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai ulikwenda London kudai, na wabunge wa Uingereza wakaibana kampuni kwa kuchelewesha malipo. Machi 2012 makubaliano yakasainiwa: fedha ziende Serikalini, zinunue vitabu na madawati kwa shule za msingi.

Vitabu vikasambazwa nchi nzima. Kwa Kilwa hata barabara ilikuwa kikwazo: miaka hiyo kilomita 60 za barabara kuu kutoka Ndundu hadi Somanga, jirani kabisa na Miteja, zilikuwa zimechelewa mno mikononi mwa mkandarasi.

Yaliyofuata yanajulikana. Taasisi ya Elimu Tanzania ilikabidhiwa kuandaa vitabu vya kiada, na mwaka 2017 makosa ndani ya vitabu hivyo yakazua kelele. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, na rafu za maktaba zikakaguliwa tena. Mara hiyo kilichosakwa ni kisichotakiwa kuwapo.

Katika safari yote hiyo, leja imejibu swali la mkaguzi: vimepokelewa vingapi, vipo vingapi? Haijawahi kuulizwa vimesomwa mara ngapi. Matokeo yake, mwalimu anayeogopa kulipia hasara huvifungia vitabu kabatini, na siku ya ukaguzi husifiwa kwa kuwa na vitabu visivyo na mkunjo. Yule aliyeviazima hadi vikachanika ndiye anayeitwa kujieleza. Hiyo ni hesabu iliyopinda.

Wizara na halmashauri, ikiwamo ya Kilwa, ziongeze safu moja kwenye leja: kitabu kimeazimwa mara ngapi. Na kilichochakaa mikononi mwa watoto kifutwe bila mwalimu kutozwa senti. Vitabu vya chenji ya rada vilidaiwa hadi London ili visomwe, tusivihesabu tu.