Volti Tano za Kompyuta ya Mfukoni

Mwaka 1984 kampuni ya Sharp ya Japani ilipoleta madukani kompyuta ya mfukoni iitwayo PC-1350, yenye kioo cha mistari minne ya herufi 24, ilitia ubavuni mwake soketi ya pini 15, ambayo kwayo chombo hicho kidogo kiliweza kusemezana na kompyuta kubwa, biti moja baada ya nyingine, kwa kasi isiyozidi biti 1200 kwa sekunde. Lakini aliyedhani kwamba yatosha kuunga waya tu alijitia hatarini.

Kanuni ya mawasiliano hayo, RS-232, iliwekwa Marekani mwaka 1960, na toleo lake mashuhuri likatoka mwaka 1969, zama ambazo mitambo ilikula umeme wa ukutani bila kuhesabiwa. Kanuni hiyo yataka moja iwe volti hasi na sifuri iwe volti chanya, na kwamba mpelekaji atoe baina ya volti 5 na 15, ilhali mpokeaji sharti atambue hata 3. Sasa hizo volti hasi zingetoka wapi katika chombo kilichoishi kwa betri mbili za lithiamu, bapa mfano wa vifungo vya koti, ambazo jumla yake ni volti 6? Mafundi wa Sharp wakakata shauri soketi itumie sifuri na volti 5 basi, na mwenye kutaka kanuni kamili anunue kigeuzi, CE-130T.

Wako waliouita uamuzi huo ubahili; mimi nauona busara, maadamu mpangilio wa kanuni haukupinduliwa: volti 5 zilishika nafasi ya chanya, na sifuri nafasi ya hasi. Tena chipu za kupokelea za siku zile, mathalan 1489, aghalabu huhesabu chochote kilicho chini ya takriban volti moja kuwa hasi, hivyo sauti ya mnyonge huyu ilisikika mara nyingi hata bila kigeuzi. Kurudi ndiko kulikokuwa na balaa, kwani volti 12 za kompyuta kubwa zaweza kuiunguza chipu yake.

Leo waya wa USB wenye chipu ya FT232R, wa volti 5, wafaa badala ya CE-130T. Ila waya huo hutoka kiwandani ukiwa na mpangilio wa kinyume. Basi msomaji uliye na PC-1350, zipindue kwanza ishara zake kwa programu ya mtengenezaji, ndipo uunge.