Mtoto mwenye usonji asiyesema naye ana maoni kuhusu tiba yake

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga au kuguswa. Si laana, hauambukizi, na hautokani na malezi mabaya. Baadhi ya wenye usonji hawasemi kwa mdomo, lakini kutosema si kutoelewa.

Kliniki, mara nyingi wanaozungumza ni mhudumu na mzazi tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka huohuo, unataka mtoto mwenye ulemavu asaidiwe kutoa maoni yake.

Utayajuaje maoni ya asiyesema?

Mwangalie. Mama wa Ipyana anayeona mwanawe akitulia chini ya mikakao, lakini akiziba masikio mashine ya kukoboa mpunga inapowashwa, tayari ana la kumweleza mhudumu: kelele zinamtesa.

Mpe vitu viwili achague. Rudia huku ukibadilisha mikono. Akichukua cha kulia kila mara, huenda anafuata mkono tu.

Tumia picha. Njia ya mtoto kutoa picha ili apewe anachotaka ilibuniwa Marekani mwaka 1985. Unaweza kuanza na picha za simu: maji, choo, ndizi, "basi, nimechoka".

Heshimu kukataa kwake. Akigeuza uso au kusukuma mkono, amejibu. Akianza ghafla kujipiga au kugoma kula, usimwite mkaidi. Apimwe kwanza meno, masikio na tumbo.

Siku ya kliniki, nenda na karatasi yenye mambo manne: anachopenda, kinachomtesa, anavyoonyesha ndiyo au hapana, na anavyoonyesha maumivu. Omba yaandikwe kwenye mpango wake, kwa mfano mazoezi yafanyike asubuhi, mahali patulivu.

Vipi kuhusu chanjo au dawa ya lazima? Hapo hachagui kupata au kukosa, ila anaweza kuchagua namna: apakatwe na nani, achomwe mkono upi.

Ukikwama, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na kila mpango unapopitiwa upya, mtoto awepo, na picha zake ziwe mezani.