Homa Si Ya Kubahatisha

Leo nazungumza nawe mwanafunzi wa Kericho na Bomet, wewe unayelala bwenini au uliyekodi chumba karibu na chuo, ambaye ukiugua unakwenda dukani kwanza.

Hebu tutazame nyuma. Makampuni ya chai yalianza kupanda huku katika miaka ya 1920. Nyanda hizi ni baridi, na penye baridi vijidudu vya malaria hukua polepole ndani ya mbu. Kwa hiyo wenyeji hawakuuzoea ugonjwa huo wala kuwa na kinga ya kutosha. Katika miaka ya 1940, milipuko ya malaria iliipiga Kericho. Mwishoni mwa miaka hiyo wafanyakazi wa mashamba walipewa dawa ya proguanili, malaria ikatulia. Katika miaka ya 1980 ikarudi.

Wakati huo klorokwini iliuzwa madukani kama sukari. Mtu alimeza vidonge viwili, akapata nafuu, vilivyobaki akaviweka. Kumbe dawa isiyomalizwa huacha vijidudu sugu vikizaana. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitegemea klorokwini, ikachukua SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Nayo ikaanza kushindwa. Mwaka 2004 ikachaguliwa AL, ambayo ilianza kutumika hospitalini mwaka 2006.

Unaona, mwanafunzi? Kidonge kilichomponya nyanya yako huenda kisikufae wewe. Tena si kila homa ni malaria. Yaweza kuwa homa ya matumbo au nimonia. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 mwongozo wa taifa unataka upimwe damu kwanza. Ukipatikana na malaria, maliza AL yote, siku tatu. Usimgawie mwenzako wa chumba hata kidonge kimoja.

Je, yapo unayoweza kujitibu? Yapo. Ukiungua na chai au uji, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika ishirini. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Ukiharisha, kunywa maji ya ORS, ukipima maji kama paketi inavyosema. Mafua yanataka mapumziko na vinywaji, si antibiotiki. Kichwa kikiuma, parasetamoli yatosha, bila kuzidisha kipimo.

Lakini ukiwa na homa, hasa ukitoka likizo upande wa Kisumu au ziwani, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Ukiona mwenzako anatapika kila kitu, anaweweseka, shingo imekakamaa, anapumua kwa shida au anaharisha damu, usingoje kupambazuke. Mwite mlezi wa bweni au jirani, mpelekeni hospitali.

Hadi kipindi kijacho, jitunze.